Walikunywa wapi? Siku saba kutoka Roma hadi Matera

Siku ya kwanza: Roma

Ukutani mwa sebule yetu Malindi kulikuwa na kalenda iliyoachwa na Mwitaliano mmoja ambaye baba alimjengea nyumba. Mwaka wake ulipita, wa pili ukapita, na haikushushwa. Sababu ni picha ya mwezi wa Mei: mji wa rangi ya mchanga, nyumba zimepandana ubavuni mwa korongo, paa la huyu ni ua wa yule. Chini yake pameandikwa Matera, jina la mji wa kusini mwa Italia. Baba ni mwashi, amejenga kwa matumbawe na chokaa tangu ujana wake, na nyumba haitazami kama mtu mwingine. Kila akiipitia ile picha alikuwa na swali moja: "Mji mkubwa hivi, juu ya mwamba mkavu. Hawa watu walikunywa wapi?"

Swali hilo ndilo lililonileta. Kiitaliano ninacho cha kutosha. Nilikiokota utotoni kama watoto wengi wa Malindi, kwa wageni na kwa wenye nyumba za ufukweni. Nimefikia kwa binamu yangu, ambaye ameishi Roma miaka kumi na mmoja akihudumia wazee majumbani. Leo alikuwa na mapumziko, akaniuliza nataka nipelekwe wapi. Nikamwambia Porta Capena. Hakupajua, na tulipofika alitazama huku na huku: barabara pana, magari, nyasi, miti ya misonobari. "Hapa pana nini?"

Pana mahali palipokuwa na kitu. Mwaka 1937 serikali ya dikteta Mussolini ilileta hapa mnara wa jiwe kutoka Aksum, Ethiopia, wa urefu wa mita 24, ukasimamishwa kama ngawira. Jengo kubwa jeupe lililo pembeni lilianza kujengwa kwa ajili ya Wizara ya Afrika ya Kiitalia. Kisha vita vikaja, makoloni yakawatoka, na jengo likawa makao ya FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, lililohamia Roma mwaka 1951. Kuurudisha mnara Italia iliahidi katika mkataba wa amani wa 1947. Ulirudi 2005, kwa ndege, vipande vitatu, ukasimama tena Aksum 2008. Binamu yangu amepita hapa kwa basi mara nyingi asijue. Alinyamaza, kisha akahesabu kwa vidole: kati ya ahadi na ndege ni miaka 58.

Nilitaka kuanzia hapa kwa sababu nyingine pia. Lango la kale la Capena, ambalo halipo tena, ndilo ilikoanzia barabara ya Appia, na Appia ndiyo njia ya kwenda kusini.

Siku ya pili: Barabara ya Appia

Asubuhi mapema nilitembea peke yangu kutoka lango la San Sebastiano hadi kaburi la Cecilia Metella, bibi wa Roma ya kale, na mbele yake. Mwanzo hapafurahishi: barabara ni nyembamba, magari yanakupita karibu na bega. Lakini ukivuka kaburi, lami inakwisha na mawe ya kale yanaanza, mabamba meusi ya volkano, mapana kama sinia, yamepangwa bila udongo kati yake. Mengine yamechimbika mifereji ya magurudumu. Niliinama nikapitisha kiganja. Jiwe gumu namna hii kulikwaruza kwa gurudumu ni kazi ya karne nyingi.

Aliyeianzisha, mwaka 312 kabla ya Kristo, ni Appius Claudius, aliyekuja kuitwa Caecus, yaani kipofu, kwa kuwa macho yalimwishia uzeeni. Kwanza iliishia Capua. Baadaye ikasogezwa hadi Benevento, Taranto, na mwisho Brindisi kwenye bahari ya mashariki. Kinachotajwa mara chache ni kwamba mwaka ule ule alianzisha pia mfereji wa kwanza wa kuleta maji Roma, kama kilomita 16, karibu wote chini ya ardhi. Barabara inaonekana ndiyo maana inasifiwa. Mfereji umefichwa, lakini bila maji hao askari na wachuuzi wa barabarani wangetoka mji gani?

Kilomita 16, kwetu, ni kama kutoka Malindi hadi magofu ya Gede. Naitaja Gede kwa furaha ya mtu wa kwao: mwezi Julai 2024, katika kikao kimoja huko New Delhi, UNESCO iliiandika Appia katika Orodha ya Urithi wa Dunia na ikaiandika Gede pia. Pale Gede shule ilitupeleka tukiwa darasa la tano, na nilichokumbuka si msikiti mkuu wala kasri. Ni visima. Kila unapogeuka, kisima.

Nilirudi miguu imevimba. Binamu yangu aliniwekea maji ya moto na chumvi.

Siku ya tatu: Benevento

Treni kutoka Termini hadi Benevento, kama saa mbili. Ningeweza kwenda moja kwa moja hadi Bari, lakini nilitaka kulala mji mmoja wa njiani, na sijutii.

Benevento inajulikana kwa tao la mfalme Trajano, la mwaka 114, limesimama zima kana kwamba wajenzi wameondoka juzi. Mimi lakini nilivutwa na kitu kidogo katika uwanja wa Papiniano: mnara wa jiwe jekundu wenye maandishi ya Misri ya kale. Mfalme Domitian alimjengea Isis hekalu hapa, na mnara huu ni wa hekalu hilo. Katika jumba la makumbusho kuna sanamu za Misri, simba na falkoni, zilizofukuliwa humu humu mjini. Siku tatu, minara miwili kutoka Afrika, na habari zake hazifanani. Ule wa Aksum uliporwa. Huu uliwekwa na watu waliomwamini mungu wa kike wa mto Naili na kumwomba kwa hofu ya kweli, mbali na mto wenyewe. Sijui kwa nini hili halisimuliwi zaidi, kwamba kuna wakati kusini mwa Italia watu waliielekea Afrika katika sala.

Jioni nilinunua torrone, kitamu cha asali, ute wa yai na lozi. Kigumu kuliko halua yetu, lakini ukikiacha mdomoni kinalegea polepole, na kahawa chungu inakipendeza.

Siku ya nne: Kupitia Foggia hadi Bari

Kutoka Benevento reli inapenya milimani, handaki baada ya handaki, kisha ghafla nchi inafunguka: uwanda wa Tavoliere, ngano mpaka macho yanapochoka. Mwezi huu wa Mei ngano imeanza kugeuka, kijani kinaachia njano. Ni nzuri. Aliyeketi mbele yangu alikuwa kijana wa Gambia, buti zake zina udongo uliokauka, akiteremka Foggia. Tuliongea Kiitaliano, cha kwake bora kuliko changu. Anafanya kazi mashambani: sasa asparaga, na mwezi wa nane nyanya. Nilimuuliza analala wapi. Akanionyesha kwa mkono upande wa dirisha, akasema, "Kule, kwenye mabati."

Nilijua anachokisema. Karibu na Foggia, Borgo Mezzanone, kuna makazi ya mabati na mbao kwenye uwanja wa ndege wa kijeshi wa zamani, na humo wanaishi wavunaji, wengi wao Waafrika. Agosti 2018, ndani ya siku mbili tatu, wavunaji 16 walikufa katika ajali mbili za barabarani wakirudi kutoka mashamba ya nyanya, wamejazwa kwenye magari. Hiyo nyanya ni ile ya kopo, ambayo hata maduka ya kwetu Malindi inauzwa. Kijana alishuka, akanipungia mkono. Mpaka Bari sikusoma kitu.

Bari nilifika mchana. Mji wa kale ni vichochoro vinavyopinda kama vya Lamu, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya wapita njia, na kwenye kichochoro cha Arco Basso akina mama wamekaa nje ya milango yao wakitengeneza orecchiette, tambi za umbo la sikio. Kidole gumba kinaburuta kipande cha unga juu ya ubao, kinakigeuza, tayari, mikono haitazamwi. Bibi mmoja alinipisha kiti chake cha plastiki, akaniita "binti," akanionyesha. Yangu yalitoka kama masikio yaliyoumwa na mbwa. Aliyaweka pamoja na yake bila kuyatenga.

Kanisa la Mtakatifu Nikola lilianza kujengwa 1087, mwaka mabaharia wa Bari walipoleta mifupa yake kutoka Myra, katika Uturuki ya leo. Hata mimi Mwislamu nilishuka hadi chini linapolala kaburi, nikakuta wanawake wa Kiorthodoksi wenye vilemba wakisali kwa machozi, nikasimama kando kwa heshima. Lakini niliyemtafuta Bari alikuja kabla ya Nikola. Mwaka 847 Mberberi aitwaye Khalfun aliuteka mji huu, na hadi 871 Bari ilikuwa na maamiri Waislamu. Mtawa Bernardo, akielekea Yerusalemu kuhiji, ilibidi kwanza aje hapa kwa amiri aandikiwe barua za njia, zenye kueleza sura yake na safari yake. Nilikaa kwenye ukuta wa bahari nikamfikiria huyo mtawa akisubiri barua yake ikauke wino. Viza yangu ilichukua wiki tisa.

Siku ya tano: Bari hadi Matera

Nilipokwenda, treni za taifa zilikuwa hazifiki Matera. Njia ya kuiunganisha kupitia Ferrandina ilianza kujengwa miaka ya 1980, na kwa miongo mingi haikuisha. Unachopanda ni treni ya reli ndogo, kwenye kituo chake pembeni ya stesheni kuu ya Bari. Kati ya chuma na chuma ni milimita 950, nyembamba hata kuliko reli yetu ya zamani ya Mombasa hadi Nairobi, ambayo ni mita moja. Ratiba ya Jumapili si kama ya siku nyingine. Nilikuwa nimeambiwa, nikapanga siku zangu.

Safari ni kama saa moja na nusu na ushee. Mizeituni kwanza, halafu lozi, halafu nchi inapanda na kuwa ya mawe matupu, kuta za mawe bila udongo zikigawa mashamba yasiyo na kitu. Altamura mabehewa yanaachana, mengine yanaelekea Gravina. Kila kilomita nilitazama kama naona mto. Sikuuona.

Matera ukifika huoni unachotegemea. Stesheni ni mpya, paa lake jeupe la juu sana, na mji unaouzunguka ni wa kawaida: maduka, shule, maghorofa. Watu kama elfu sitini wanaishi huku juu. Nilitembea hadi uwanja wa Vittorio Veneto, nikaelekea ukingo wenye matao, na hapo ardhi ikaisha. Picha ya kalenda ilikuwa chini yangu, hai, kengele zikilia na moshi wa jiko la mtu ukipanda. Nilishika ukuta. Niliwahi kudhani mpiga picha aliongeza nyumba.

Mji wa chini unaitwa Sassi, yaani mawe. Una pande mbili, Barisano na Caveoso, na kati yake mgongo wa Civita wenye kanisa kuu la karne ya 13. Jiwe lake ni laini, la rangi ya siagi. Wenyewe huliita tufo. Linachimbika kwa sululu na kukatwa kwa msumeno, na likipigwa na hewa linajenga ngozi. Basi watu walichimba pango, na mawe waliyotoa ndani wakayajengea mbele. Nyumba imetoka katika tumbo lake yenyewe. Matumbawe ya kwetu yana tabia hiyo hiyo: yakitoka baharini unayachonga kama muhogo, yakikauka juani yanakuwa magumu.

Na maji? Jibu lilikuwa chini ya nyayo zangu, hapo hapo uwanjani. Nilikata tiketi, nikateremka ngazi, nikaingia Palombaro Lungo. Ni birika lililochimbwa ndani ya mwamba, refu kama msikiti, kina chake zaidi ya mita 15, lenye nguzo zilizoachwa wakati wa kuchimba. Lilipanuliwa kwa vizazi, mabirika madogo yakiunganishwa, likaweza kubeba kama lita milioni tano. Maji ya mvua na ya chemchemi za vilima yaliongozwa humo kwa mifereji, na watu walichota kutoka juu kwa ndoo, kwenye mashimo ya uwanjani. Miaka ya 1920 maji ya bomba yalipokuja likaachwa, likafunikwa, likasahauliwa mpaka 1991. Watu walikuwa wakipita juu yake kwenda sokoni, wasijue wanatembea juu ya bahari.

Kuta zimepakwa lipu ya rangi ya waridi. Niliisogelea kwa taa ya simu. Ndani yake kuna vipande vidogo vya vigae vilivyopondwa, vimechanganywa na chokaa, na hiyo ndiyo inayozuia jiwe lisinywe maji. Niligusa. Laini kama ngozi ya yai. Nikampigia baba picha, na nyingine, na nyingine, mpaka msichana wa tiketi akanikumbusha kwa upole kwamba muda umekwisha.

Na si hilo tu. Sassi nzima ni birika. Paa zimeinamishwa, mifereji imechongwa ukutani, ngazi zenyewe zina mkondo pembeni, na karibu kila nyumba ina shimo lake la maji lenye umbo la kengele chini ya sakafu. Tone likianguka juu kabisa lilikuwa na njia yake mpaka mdomoni mwa mtu.

Siku ya sita: Caveoso

Nimelala katika pango. Nyumba ndogo ya wageni, kitanda kizuri, taa zimefichwa kwenye nyufa. Bei yake kwa usiku mmoja baba asingeamini, na ndiyo maana nimekaa usiku mmoja tu. Wa pili nimehamia chumba cha mji wa juu.

Asubuhi nilikwenda kwenye pango la makumbusho, Vico Solitario, lililopangwa kama lilivyokuwa watu walipoishi. Chumba kimoja. Kitanda kirefu kwenda juu ili chini yake pafugiwe kuku. Nyumbu, yule chotara wa punda na farasi, ana kona yake ndani, kwa sababu nyumbu ndiye mali na joto lake ni jiko la usiku. Droo za kabati hulazwa watoto. Mlango ndio dirisha. Malaria ilikuwepo, ugonjwa wa macho wa trakoma ulikuwepo, na watoto walizikwa kwa wingi. Carlo Levi, tabibu na mchoraji wa Torino aliyefungiwa vijiji vya kusini na serikali ya Mussolini mwaka 1935, ndiye aliyeifanya Italia isome habari hizi baada ya vita. Mwaka 1948 kiongozi wa Wakomunisti, Palmiro Togliatti, aliiita Sassi aibu ya taifa. Waziri mkuu De Gasperi alikuja kujionea 1950. Sheria ya tarehe 17 Mei 1952 ikaamuru watu watolewe, kama elfu kumi na tano, wahamishiwe mitaa mipya na kijiji cha La Martella. Mapango yakawa mali ya serikali, yakafungwa.

Nje ya hapo, kwenye ngazi chini ya mwamba wa kanisa la Idris, nilimkuta mzee ameketi na fimbo. Nilimwamkia, akaniuliza nimetoka wapi. Nilipotaja Malindi alicheka kwa furaha. Mpwa wake aliwahi kwenda. Kisha akanyoosha fimbo kwenye mlango wa kioo wenye jina la hoteli.

"Mimi nimezaliwa mle. Tulikuwa tisa, na nyumbu."

Nilikaa ngazi ya chini yake kama ninavyokaa mbele ya wazee wa kwetu barazani. Alikuwa na miaka saba walipohamishwa. Alisema siku ya kwanza katika nyumba mpya mama yake alifungua bomba la jikoni, maji yakatoka, akalia. Alifunga, akafungua tena. "Nani atakuambia mama yangu hakufurahi? Mdogo wangu alikufa pale chini." Halafu usiku mama hakupata usingizi. Palikuwa kimya. Hapasikiki nyumbu anavyopumua, hapasikiki jirani anavyokohoa. Kulipokucha alitoka nje kutafuta mtu wa kumsalimia, akakuta barabara.

Huko Sassi, aliniambia, mapango kumi hivi yalizunguka ua mmoja wenye kisima kimoja. Wanauita vicinato. Mwanamke akijifungua, wa uani ndio wanaompikia. Unga ulikandwa nyumbani, ukapelekwa tanuri la mtaa, na ili mikate isichanganyikane kila nyumba ilikuwa na muhuri wake wa mbao wenye herufi za baba, unaopigwa juu ya donge kabla ya kuokwa. Na tarehe 1 Agosti kila nyumba ilitoa konzi ya ilichobakiza, ngano, maharagwe, dengu, choroko, kikatiwa katika chungu kimoja cha wote. Crapiata, akasema, na akalirudia neno mwenyewe kama mtu anayeonja.

Nilimuuliza kuhusu mabirika: lipu ile ya rangi ya waridi, kigae kwa chokaa, kipimo chake ni ngapi kwa ngapi?

Alinitazama muda mrefu. "Babu yangu alikuwa akichimba visima. Alijua. Baba alijua kidogo. Mimi nilijua bomba."

Nasema ninavyoona, na naomba nisieleweke vibaya. Kuwapa watu maji na nyumba zenye hewa kulikuwa wajibu uliocheleweshwa, na mama aliyelia mbele ya bomba alikuwa na haki ya kila tone. Kosa lilikuwa katika lile neno. Aibu haikuwa ya waliolala na nyumbu, ilikuwa ya walioona na kupita. Lakini wakishaambiwa nyumba zenu ni aibu, watu huacha hata kilichokuwa hekima ndani yake. Vipimo vya babu viliondoka pamoja na kunguni. Mwaka 1986 ikatungwa sheria ya kuikarabati Sassi, 1993 UNESCO ikaiandika, 2019 Matera ikawa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya. Katika maandishi ya UNESCO kinachosifiwa ni jinsi watu walivyoishi wakipatana na ardhi na maji. Na kijana wa Foggia analala kwenye mabati leo hii, saa tatu hivi kutoka hapa, na huko kwenye mabati pia, sina shaka, mtu amebuni namna ya kukinga mvua.

Mzee alinipeleka dukani akachagua mkate yeye mwenyewe, akaugonga chini kwa vifundo vya vidole na kusikiliza. Mkate wa Matera ni wa ngano ngumu, ndani yake ni njano, umekunjwa kama pembe, mzito kama mtoto mchanga. Alikataa nisilipe mimi. Nikasema mimi ndiye mgeni, akasema ndiyo sababu.

Siku ya saba: Ng'ambo ya korongo

Asubuhi niliteremka kwa njia ya Porta Pistola hadi chini ya korongo. Mto upo, unaitwa Gravina, mwembamba, umejificha mbali chini. Picha ya kalenda haikuweza kuuona, na kupandisha ndoo kutoka huko kila siku kungewamaliza watu. Nilivuka daraja la kamba za chuma linalotikisika, nikapanda upande wa pili hadi uwanda wa Murgia. Jua kali, harufu ya nyasi chungu. Humu kuna mapango ya makanisa, zaidi ya 150 ukihesabu na ya mjini. Niliingia moja dogo, mlango wake wazi, mbuzi wamelilala. Ukutani amebaki mtakatifu nusu uso, na jicho moja lililochorwa kwa uangalifu mkubwa.

Juu ya korongo kozi wadogo walikuwa wakielea, kumi, ishirini, mabawa hayapigi. Kila mwaka hutoka Afrika, kusini mwa Sahara, wengine wakipita anga la Kenya, wakaja kuzaa kwenye paa na mashimo ya Matera. Hawa hawakuhamishwa na sheria yoyote. Nilikaa jiweni, nikakata mkate kwa kisu, nikaula na pilipili tamu zilizokaushwa juani na kukaangwa mpaka zinavunjika kama biskuti, na Sassi yote ikiwa mbele yangu kama nilivyoizoea ukutani, ila sasa niliweza kuonyesha kidole: lile ni tanuri, ule ni ua wa mzee, birika liko pale nyuma.

Baba alipiga simu mwenyewe. Alikuwa amezitazama picha usiku kucha.

"Nimeona. Wamepaka mara ngapi?"

"Sijui, baba."

"Kigae wamekiponda kiwe unga au wameacha kokoto?"

"Vyote. Kuna unga na vipande."

"Vizuri. Na chokaa kwa kigae, ngapi kwa ngapi?"

Nikamsimulia ya mzee: babu alijua, baba alijua kidogo, yeye alijua bomba. Baba hakujibu. Nilisikia upande wa pili feni, na adhana ya mchana ikianza mbali, kisha kiti kikivutwa.

"Una kalamu?"

Nilifungua mkoba. Nikamwambia ninayo.

"Andika basi. Chokaa ya matumbawe, kapu moja. Mchanga wa shamba, usiwe wa pwani una chumvi, makapu matatu. Lakini hapo bado. Kwanza chokaa uiloweke, na siku za kuilowesha usidanganywe na mtu mwenye haraka. Umeandika?"

"Naandika, baba."

"Nitakwenda polepole."